Neno "Amepona" na Kilango cha Moyo wa Binti Yangu

Daftari ninalolitegemea katika kuandika habari hizi nililinunua mwaka 2013 katika duka moja hapa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, Uganda, na tarehe hiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu binti yangu alizaliwa mwaka 2001, akapasuliwa moyo mara ya kwanza mwaka 2006, na kwa miaka saba iliyofuata sikuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa dereva wa malori ya jeshi. Nilifundishwa, nami nikawafundisha vijana walionifuata, kwamba gari likitoka gereji leo hufunguliwa ukurasa leo hiyo hiyo: kilomita, mafuta ya injini, breki, na tarehe ya kurudi kukaguliwa. Gari la serikali nililitunza hivyo. Moyo wa mtoto wangu sikuutunza hivyo, na chanzo chake ni neno moja ambalo sote nyumbani tulilipokea kwa furaha bila kuliuliza maana yake: amepona.

Ugonjwa wenyewe aliugundua mama yake. Mtoto alipokuwa na miaka miwili, midomo na kucha zake zilikuwa zikigeuka rangi ya zambarau kila alipolia sana, na akikimbia hatua chache tu na wenzake alichuchumaa peke yake pembeni, magoti yakigusa kifua, akakaa hivyo mpaka pumzi imrudie. Hakuna aliyemfundisha. Majirani walisema ni jicho, wengine wakasema ni degedege, na shangazi yangu mmoja alitushauri tusimzoeze uvivu. Mwaka 2004 tulimpeleka hospitali ya Mulago, Kampala, akapimwa kwa eko, yaani mashine inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na hapo ndipo tulipolisikia kwa mara ya kwanza jina la tetralojia ya Fallot, lililotokana na daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1888.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Njia ya damu kwenda kwenye mapafu ni nyembamba. Mshipa mkuu wa aota umekaa juu ya lile tundu badala ya kukaa upande wake wa kushoto. Na chumba cha kulia, kwa sababu kinasukuma damu kupitia njia nyembamba, kimekuwa na misuli minene kupita kawaida. Damu ambayo haijapata hewa inavuka kwenda mwilini, ndiyo maana midomo inabadilika rangi. Kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu, damu inakutana na ukinzani mwilini, na kwa hiyo sehemu kubwa zaidi inalazimika kwenda kwenye mapafu. Mtoto wa miaka miwili alikuwa ameivumbua dawa yake mwenyewe. Muuguzi alimwonyesha mama yake jinsi ya kumkunja magoti hadi kifuani iwapo atazidiwa usiku, na mara mbili jambo hilo lilimwokoa kabla hatujapata usafiri.

Wakati huo upasuaji wa namna hiyo ulitulazimu kwenda India. Tuliuza kiwanja, msikiti ukachanga, wanajeshi wenzangu wakachanga, na shirika moja la hisani likamalizia. Daktari wa upasuaji aliziba tundu, akaipasua ile njia nyembamba na kuitanua kwa kiraka. Lakini kiraka hicho kilipita juu ya pete ya kilango kinachotenganisha moyo na mshipa wa mapafu, kwa hiyo kilango hakikuweza kufunga tena. Tangu siku hiyo, kila moyo ulipopiga, sehemu ya damu iliyokwishatoka kwenda kwenye mapafu ilirudi nyuma. Hilo halikuwa kosa la mpasuaji. Kwa watoto wengi wenye njia nyembamba sana ndiyo bei ya kuwaokoa, na bila kiraka hicho nisingekuwa na binti wa kumsimulia. Nilichokuwa sikijui wakati huo ni kwamba bei hiyo hulipwa kwa muda mrefu.

Tuliporudi Entebbe midomo yake ilikuwa na rangi ya midomo ya watoto wengine. Tulichinja mbuzi. Kila aliyekuja kutupongeza alisema amepona, nasi tukaitikia. Miaka miwili ya kwanza tulihudhuria kliniki, kisha nauli ikawa ngumu, mtoto akawa anaruka kamba kuliko wenzake wote, na mhudumu mmoja wa afya, katika kituo ambacho sitakitaja, akatuambia kwamba hakuna haja ya kumsumbua mtoto mzima. Tulitaka kuambiwa hivyo. Karatasi ya hospitali iliyosema aonwe kila mwaka ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la nguo, chini ya vyeti vyangu vya jeshi.

Chumba cha kulia cha moyo ni kivumilivu sana, na uvumilivu wake ndio unaotudanganya. Kinapokea damu inayorudi, kinatanuka kidogo, kinaendelea na kazi, na mtoto haonyeshi dalili mwaka wa kwanza wala wa tano. Mwaka 2013, akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake aliona kwamba kamba ya kuruka imetundikwa ukutani na haijaguswa kwa muhula mzima. Mtoto mwenyewe hakulalamika. Alisema tu kwamba moyo unamtikisika usiku. Tulizunguka miezi mitatu na dawa ya kuvuta ya pumu tuliyopewa kwenye zahanati moja, kabla sijaamua kupanda naye teksi hadi Mulago, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kupata chumba chake cha katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri wa mtoto wangu wa kwanza. Alilitazama eko kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akanigeukia.

"Mzee, nani aliwaambia kwamba mtoto huyu amepona?"

Nikamjibu kwamba ni sisi sote.

"Hakupona. Alitengenezwa. Na kilichotengenezwa hukaguliwa."

Alikuwa hajui nilifanya kazi gani maishani. Siku hiyo nilishukia stendi ya teksi, nikaingia dukani, nikanunua daftari.

Tangu hapo nimeandika kila kipimo, na nimejifunza kusoma namba ambazo mwanzoni nilizinakili bila kuzielewa. Iliyo muhimu kuliko zote kwa hali yake ni ukubwa wa chumba cha kulia kinapojaa, unaopimwa kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kulinganishwa na ukubwa wa mwili. Madaktari husubiri, kwa sababu kilango cha bandia kikiwekwa mapema mno kitachakaa mapema na mtoto atafunguliwa mara nyingi zaidi; lakini hawasubiri mpaka chumba kitanuke kiasi cha kushindwa kurudi, na wengi hutazama mpaka ulio karibu na mililita 150 hadi 160 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Chake kilikuwa kimepita 170. Tungekuwa tumefuatilia kila mwaka, tungeuona mstari ukipanda na kupanga safari kwa utulivu.

Mwaka 2014 alifunguliwa kifua tena huko India, na safari hii akawekewa kilango kizima. Tuliulizwa tuchague. Kilango cha chuma hudumu miaka mingi zaidi, lakini anayekibeba humeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Kilango cha tishu ya mnyama hakidai dawa hiyo, lakini huchakaa baada ya miaka kumi hivi au zaidi, na kwa watoto mara nyingi mapema kuliko kwa watu wazima. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, tunaishi mbali na maabara, na kwa kilango cha upande wa mapafu madaktari wenyewe walipendelea tishu. Tukachagua tishu. Daktari aliongeza jambo ambalo niliandika bila kulijua uzito wake: kwamba atajitahidi kuweka pete kubwa kadiri mwili wa mtoto unavyoruhusu, ya milimita 25, ili siku za usoni kilango kingine kiweze kupenya ndani yake bila kufungua kifua. Ninawasihi wazazi wenzangu, wanaposubiri upasuaji wa namna hii, wamuulize mpasuaji swali hilo moja kabla ya jingine lolote: je, kilango mnachoweka leo kitaweza kupokea kingine kwa njia ya katheta kesho? Sisi hatukuuliza. Tulipewa tu, kwa rehema ya Mungu na busara ya mtu yule.

Upasuaji huo wa pili ninaukumbuka mwili mzima. Mfupa wa kifua uliokwisha kupasuliwa mara moja hukatwa kwa tahadhari kubwa, kwa sababu moyo huwa umegandamana na kovu chini yake. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia, mirija ikitoka kifuani, mikono imefungwa kwa kitambaa laini asije akaivuta. Siku kumi na mbili tulikuwa wodini. Kwa wiki nyingi baada ya hapo hakuruhusiwa kunyanyua hata ndoo ya maji, na alipokohoa alikumbatia mto kifuani kwa mikono miwili, huku machozi yakimtoka bila sauti.

Mwaka 2019 tulikaribia kumpoteza kwa homa. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino, na katika kliniki ile hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo, naye kwa aibu ya ujana hakusema. Wiki mbili baadaye akawa anatetemeka kila jioni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini alitibiwa malaria, na iliposhindikana akachomwa sindano za antibiotiki kwa siku tatu. Tulipofika Mulago, damu iliyooteshwa maabara haikuota mdudu yeyote, kwa sababu antibiotiki zilikuwa zimekwisha kuwafisha au kuwaficha. Hata hivyo eko ilionyesha uoto mdogo kwenye kilango, na akatibiwa kwa dawa za mshipa kwa wiki sita, kitandani, kama mtu mwenye endokaditisi, yaani maambukizi ya ndani ya moyo. Kwa mtu mwenye kilango cha bandia homa isiyoeleweka ni homa ya kilango mpaka ithibitike vinginevyo, na damu ya kuotesha lazima itolewe kabla ya antibiotiki ya kwanza kuingia mwilini. Nimeiandika sentensi hiyo ndani ya jalada la daftari kwa wino mwekundu. Tangu hapo, kabla ya kuguswa jino linalotoa damu, humeza gramu 2 za antibiotiki ya amoksilini saa moja kabla, na mswaki amekuwa akiushika kama anayeswali.

Kilango kilichoponea homa ile hakikuwa tena kama zamani. Kufikia mwaka 2022 eko ilisoma kwamba kimekakamaa na pia kinavuja, na daktari, ambaye sasa alikuwa na mvi chache, akasema neno ambalo tulikuwa tukilisubiri tangu 2014: katheta.

Nitakiri kwamba nililiogopa jambo hilo kuliko upasuaji. Kifua kinapofunguliwa, mtu unaelewa kwamba fundi anakitazama kile anachokitengeneza. Hapa niliambiwa kwamba kilango kitakunjwa kama mwavuli juu ya puto dogo, kitaingizwa kwenye mshipa wa kinena, kitapanda hadi moyoni kikifuata waya, na kufunguliwa ndani ya kilango kilichochakaa, moyo ukiendelea kudunda. Nikamwambia daktari kwamba kitu chepesi hivyo hakiwezi kuwa na nguvu. Hakunicheka. Alinieleza kwamba daktari Philipp Bonhoeffer alikifanya kitendo hicho kwa mgonjwa wa kwanza mjini Paris mwaka 2000, kwa mvulana wa miaka kumi na miwili, akitumia kilango kilichotoka kwenye mshipa wa shingo ya ng'ombe na kushonwa ndani ya stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa pale. Njia hiyo ilikuwa imeanza kabla binti yangu hajazaliwa, na ilikuwa imechukua maisha yake yote kutufikia.

Niliuliza pia ni mnyama gani, kwa sababu baadhi ya vilango hivi hushonwa kwa utando wa moyo wa nguruwe. Sheikh wetu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mbele ya uhai dharura ina hukumu yake na nisijitese, lakini bado nilitaka kujua, na daktari alijibu swali langu kwa heshima kama alivyojibu yale ya namba: cha kwake kitakuwa cha utando wa ng'ombe. Ninalitaja hili kwa sababu ninawafahamu Waislamu wenzangu waliolifungia swali hilo moyoni mpaka wakaikimbia hospitali. Liulizeni.

Shinikizo la damu ndani ya moyo lilipimwa kwa katheta hapa hapa Mulago, na kilango chenyewe tukakifuata India mwaka 2023. Gharama kubwa haikuwa chumba wala madaktari. Kilango peke yake kilizidi vingine vyote vikijumlishwa, na michango ilichukua miezi minane.

Asubuhi ya siku hiyo tuliketi kwenye benchi, mimi na mama yake, mama yake akivuta tasbihi. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeomba nielezwe hatua kwa hatua, kwamba kabla ya kilango kupanda kuna jaribio moja la hatari. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe hupita karibu sana na mahali pale, na kwa baadhi ya watu kilango kikitanuka kinaweza kuibana. Kwa hiyo hutanuliwa puto tupu kwanza mahali hapo, huku dawa ya kuonekana kwenye eksirei ikimwagwa ndani ya mishipa hiyo, na ikionekana kubanwa, kazi husimamishwa palepale na mgonjwa anarudi kwenye foleni ya kufunguliwa kifua. Muuguzi alitoka baada ya muda ambao kwenye daftari ni dakika hamsini na tano, akasema kwa Kiingereza cha pole pole kwamba mishipa iko salama na sasa wanaendelea. Mama yake hakuelewa maneno, alielewa uso wake.

Ilikwisha kwa saa mbili na kidogo. Alilala chali, mguu wa kulia umenyooshwa usikunjwe kwa saa sita, bandeji moja kinenani isiyozidi kiganja. Jioni aliomba chai. Asubuhi yake alitembea kwenda msalani kwa miguu yake, akikishika kifua kwa mazoea, kisha akaushusha mkono alipokumbuka kwamba hakuna kilichokatwa. Siku ya tatu tuliruhusiwa.

Ningependa nieleweke vizuri hapa, kwa maana tangu turudi wazazi wengi wamenijia wakidhani kwamba katheta imeufuta upasuaji. Haijaufuta. Ilimfaa binti yangu kwa sababu alikuwa na pete ngumu ya 2014 ya kukishikilia kilango kipya. Kijana wa jirani yetu wa Matugga, aliyetengenezwa kwa kiraka tu kama binti yangu mara ya kwanza, njia yake imetanuka na kulegea, na kilango cha puto kingeelea humo bila pa kushika. Kwa watu kama yeye viko vilango vipana vinavyojitanua vyenyewe, kimoja wapo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2021, lakini si kila njia inavipokea, na kwa sasa madaktari wake wanapanga upasuaji wa kawaida. Mama yake alilia mbele yangu kana kwamba nimemnyima. Nilikwenda naye kliniki iliyofuata ili aelezwe na wanaojua.

Na hiki kipya nacho kitachakaa. Daktari alinionyesha kwa mfano wa zile sufuria za seti zinazouzwa soko la Owino, moja ndani ya nyingine: kila kilango kinachoingia ndani ya kingine kinapunguza nafasi, na ndiyo maana milimita za 2014 zina thamani kubwa leo. Huenda akapata kimoja zaidi kwa katheta, kisha kifua kifunguliwe tena akiwa mtu mzima mwenye watoto. Nilipokuwa baba kijana, habari hiyo ingenivunja. Sasa naiandika kama ninavyoandika tarehe.

Mwezi wa nane mwaka jana walikuja watu wa kumposa. Shangazi wa upande wao, mama wa heshima, alingoja mpaka wanaume tutoke kwenda kuswali ndipo akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama kweli binti huyu amepona. Aliyejibu ni binti mwenyewe. Alitoa kwenye mkoba kadi yake, yenye aina ya kilango, ukubwa wake na tarehe kilipowekwa, akamweleza shangazi kwamba hakupona, ametengenezwa mara tatu. Kwamba anameza aspirini. Kwamba madaktari wa moyo wamemruhusu kubeba mimba akiwa chini ya uangalizi wao tangu mwezi wa kwanza. Na kwamba kila mwaka, akiwa ameolewa au hajaolewa, atakuwa Mulago siku ya kliniki. Shangazi aliichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama mwanamume anayemuoa anaweza kuja naye kliniki.

Alikuja, mwezi wa tatu. Walitoka Bombo alfajiri wakiwa wawili, mimi nikabaki nyumbani. Jioni binti yangu alinirudishia daftari, ambalo nilimpa asubuhi, na kwenye ukurasa mpya, kwa mwandiko ambao si wangu, kulikuwa na tarehe, ukubwa wa chumba cha kulia, shinikizo kwenye kilango, uzito, na tarehe ya kurudi.